Chuo cha Serikali au Binafsi? Kahesabu Hadubini

Kaka yangu alinipigia simu saa nne usiku, na kwa namna alivyonisalimia nikajua hajalala na hana nia ya kulala. Binti yake amepata nafasi vyuo viwili. Kozi ni ileile, shahada ya sayansi ya maabara za tiba, na vyuo vyote viko mji mmoja: kimoja cha serikali, kingine binafsi. Zimebaki siku kumi na moja za kuthibitisha udahili. "Wewe ndiye mtu wa maabara hapa kwetu," akaniambia. "Sema neno tulifuate."

Neno nilikuwa nalo tayari mdomoni. Nimesoma chuo cha serikali, tena hichohicho, na hadi leo nikipita nje ya lango lake moyo unaruka kidogo. Lakini sikulitamka. Kilichonizuia ni kazi yangu. Kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikipokea hospitalini wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka vyuo hivyohivyo viwili, na ninachokiona mikononi mwao hakinipi ruhusa ya kujibu harakaharaka.

Siku ya kwanza huwa siwaulizi wanatoka chuo gani. Nawapa kazi moja tu: utando mwembamba wa damu. Anayeijua anadondosha tone dogo karibu na mwisho wa slaidi, kile kipande cha kioo cha kuweka chini ya hadubini. Anachukua slaidi ya pili, anaiegemeza mbele ya tone kwa mlalo wa nyuzi 30 hadi 45, anairudisha nyuma polepole mpaka iguse damu, anaiacha damu itambae ukingoni, halafu anasukuma mbele mara moja bila kusita wala kukandamiza. Kinachobaki juu ya kioo kina umbo la ulimi: mzito kule ulikoanzia, unaendelea kuwa mwembamba, na mwisho wake ni laini kama ncha ya unyoya. Pale kwenye unyoya ndipo chembe zinapolala mojamoja bila kupandana, na ndipo jicho linapoweza kusoma. Ukisita katikati unapata michirizi. Ukiweka tone kubwa, damu inafika ukingoni mwa kioo na unyoya haupatikani. Ni jambo la sekunde mbili, lakini mkono haulijui mpaka uwe umeharibu slaidi hamsini, pengine mia.

Namkumbuka kijana mmoja kutoka chuo cha serikali. Alikuwa na matokeo mazuri kuliko wenzake wote wa mwaka ule. Mzunguko wa maisha ya kimelea cha malaria aliueleza kuanzia kwa mbu, akaingia kwenye ini, akatoka kwenye damu, hakuruka hatua. Nilipompa slaidi, vidole vilitetemeka. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, tulikuwa sita kwenye hadubini moja. Anayetengeneza ni mmoja, sisi wengine tunaandika." Sikumlaumu. Nilimkalisha pembeni yangu wiki tatu nzima.

Mwaka huohuo alikuja binti kutoka chuo binafsi. Utando wake wa kwanza ulikuwa safi kabisa, wa kuonyeshea wengine. Akapaka rangi ya Giemsa, ile inayofanya vimelea vionekane, bila kuhitaji kuelekezwa. Nikamuuliza kwa nini maji ya kuchanganyia rangi yawekwe kwenye pH 7.2, yaani kipimo cha tindikali, na si chini ya hapo. Akanitazama, akasema, "Ndivyo tulivyoelekezwa." Siku inayofuata maji yakawa na tindikali zaidi, rangi ikatoka nyekundunyekundu, viini vya vimelea havionekani sawasawa, na yeye hakujua aanzie wapi kutafuta kosa.

Ningeweza kusema basi, serikali kichwa, binafsi mikono. Lakini mwaka uliofuata ikawa kinyume chake. Ndiyo maana sikumpa kaka jibu usiku ule. Nilimwambia tusubiri, tuende tukaone.

Jumamosi tulikutana kwake, na kila mtu alikuwa na lake. Mama mkwe wa kaka alisema chuo binafsi ni cha waliokosa nafasi kwingine, na kwamba mwajiri akiona cheti ataweka pembeni. Binamu yangu akapinga: mbona nje huko vyuo vikubwa ni binafsi, mbona Harvard ni binafsi na kipo tangu 1636?

Wote wawili walikuwa wameshika kipande. Mjini São Paulo, Brazil, chuo kikuu cha umma kilichoanzishwa 1934 hakitozi ada ya masomo kwa shahada ya kwanza, na mtihani wa kuingia ni vita. Huko, vijana wengi waliokikosa ndio wanaolipa ada chuo binafsi, kama mama mkwe anavyoamini. Los Angeles kuna University of Southern California, binafsi, cha mwaka 1880, na UCLA, cha umma, cha mwaka 1919. Mji mmoja, vyote vinaheshimika duniani, na hakuna anayemsikitikia mtoto aliyepata kimojawapo. Tokyo vilevile: Chuo Kikuu cha Tokyo cha mwaka 1877 ni cha umma na kinatangulia wengine kwa jina, lakini Keio, kilichoanza kama shule mwaka 1858, na Waseda cha mwaka 1882, vyote binafsi, vina hadhi ambayo mzazi yeyote angejivunia. Niliwaambia hivyo pale sebuleni. Neno "binafsi" linakwambia nani analipa mishahara. Ubora wa darasa inabidi ukautafute mwenyewe.

Hata hivyo, nani analipa mishahara si jambo dogo, na hapa nilizungumza na binti peke yake kwa muda mrefu kwa sababu nilitaka aelewe anachokwenda kutazama. Chuo cha serikali kinaishi kwa ruzuku ya bajeti, ada ikiongezea. Serikali inataka vijana wengi wasome, na ina haki kutaka hivyo, kwa hiyo idadi inapanda, huku jengo la maabara likibaki lilelile na vifaa vikisubiri fungu litoke. Utakuta mashine kubwa imesimama miezi kwa kukosa taa yake tu, na barua ya kuomba taa hiyo imeshapita meza tano. Chuo binafsi kinaweza kuinunua wiki hiyohiyo, mkuu akisaini. Lakini chuo binafsi kisicho na mfadhili kinategemea ada, na mwaka ambao wanafunzi wamepungua wanaanza kupunguza walimu. Kozi yenye watu wachache inaweza kufungwa ukiwa katikati ya safari. Kwa hiyo nilimwandikia maswali mawili ya chuo binafsi: kozi hii imeshatoa wahitimu mara ngapi, na mwaka jana waliingia wangapi? Kwa chuo cha serikali nikamwandikia moja: wanafunzi wa mwaka wa pili wanaingia maabara kwa makundi ya watu wangapi?

Tukaenda Jumanne. Nilikataa siku ya maonesho, ile ambayo vyuo hufungua milango na kila kitu kinang'aa. Siku ya maonesho hata mimi maabara yangu inapendeza. Nilitaka siku ya kawaida, muhula ukiwa bado unaendelea, walimu wamechoka na wanafunzi wana mtihani wiki ijayo. Na hii ndiyo neema ya vyuo kuwa mji mmoja: asubuhi uko kimoja, mchana uko kingine, kumbukumbu haijapoa.

Chuo binafsi kina jengo la ghorofa nne na uwanja mdogo. Tulimwomba mkuu wa idara ruhusa, akatupa msimamizi wa maabara atuzungushe, mama mmoja mwenye miwani aliyening'iniza funguo nyingi kiunoni. Nilimwomba afungue makabati. Akafungua bila kusita, hadi la mwisho, nami hapo nikaanza kumpenda. Hadubini ishirini na mbili. Nikaziwasha mojamoja, mbili tu hazikuwaka. Darasa la mwaka wa pili lina wanafunzi thelathini na wanane, wanaingia kwa makundi mawili. Kila mtu ana hadubini yake. Kwenye meza ya nyuma kulikuwa na sahani ya slaidi zilizoharibiwa, michirizi mitupu, na nilifurahi kuiona kuliko ningefurahi kuona kikombe cha ushindi.

Kisha tukapanda maktaba. Ni chumba kimoja. Vitabu vya hematolojia, yaani elimu ya damu, vilikuwa rafu moja na nusu, na toleo jipya lilikuwa nakala mbili. Walimu watatu kati ya saba wa kozi ile wanafundisha kwa muda, wanakuja wakimaliza kipindi wanaondoka, maana wana kazi kwingine. Jina la mmoja wao nililitambua. Alinifundisha mimi, chuo cha serikali! Anatoka kule mchana, anakuja huku jioni. Watu wanaobishana kuhusu vyuo hivi viwili sijui kama wanajua kwamba kwenye baadhi ya masomo mwalimu ni yuleyule, na tofauti ni kwamba huku hana ofisi ya kumfuata ukiwa na swali.

Mchana tukaenda kwetu. Naandika "kwetu" kwa sababu siwezi kuandika vinginevyo.

Ukumbi wa mhadhara ulikuwa umejaa mpaka ngazini. Vijana wameketi kwenye vidato, daftari magotini, wengine wamesimama mlangoni. Aliyekuwa akifundisha ni profesa mmoja mwanamke anayekaribia kustaafu. Hakuwa na slaidi za kompyuta. Alichora chembe nyekundu ya damu kwa chaki, akachora nyingine iliyojikunja kama mundu, ya mgonjwa wa selimundu, akauliza ukumbi mzima: "Kwa nini ugonjwa unaoumiza watu hivi haukupotea?" Akakaa kimya. Kimya kirefu, cha watu zaidi ya mia. Mkono mmoja ukainuka nyuma kabisa, kijana akasema labda mwenye nusu ya urithi huo anafaidika na kitu. Profesa akamwambia aendelee kufikiri kwa sauti. Akafika mwenyewe kwenye malaria, kwamba anayerithi jeni hilo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, na profesa hakumtajia jibu hata mara moja. Nilimtazama binti wa kaka yangu. Alikuwa ameacha kuandika, mdomo wazi kidogo. Katika siku ile nzima hakuna kilichomgusa kama kile.

Halafu tukaingia maabara. Hadubini thelathini, kumi na saba zinafanya kazi. Wanafunzi wanaingia hamsini na tano kwa mkupuo, yaani watatu kwa hadubini moja, na wengine wanne. Ni nafuu kuliko enzi za yule kijana wa sita kwa moja. Hadubini mbovu zilikuwa zimefunikwa vitambaa kwenye meza ya dirishani, na moja ilikuwa na alama niliyoikwaruza mimi kwa bahati mbaya nikiwa mwaka wa pili. Nilisimama pale kidogo. Msimamizi akasema fundi ameombwa tangu mwaka wa fedha uliopita.

Maktaba, kwa upande mwingine, ni jengo zima. Majarida ya miongo, tasnifu za watu waliofanya utafiti wa damu katika hospitali ninayofanyia kazi. Nje, vimbweta vimejaa vijana wanaobishana. Hilo la kubishana si la kupuuza. Nusu ya ninachokijua nilikijulia kwenye kimbweta, na watu wa fani nyingine kabisa.

Jioni tulikaa mezani kwa kaka tukiwa na karatasi. Binti alisema kwa unyoofu, "Shangazi, moyo uko kwa yule profesa." Nikamwambia nauelewa huo moyo, wangu uko hukohuko. Kisha nikamwambia kitu ambacho kilinijia wakati tunarudi, na ambacho nadhani ndicho hasa nilichotaka kuandika leo.

Vyuo vikiwa mji mmoja, kile ambacho hukukichagua hakihami. Kinabaki palepale, na baadhi ya vitu vyake unaweza kuvifuata. Tulikuwa tumeuliza maktaba ya chuo cha serikali: wanatoa kadi kwa wasomaji wa nje, unasoma humohumo, huondoki na kitabu. Mihadhara ya wazi ya idara hutangazwa ubaoni na yeyote anaingia. Vimbweta havina mlinzi. Lakini hakuna siku utaingia maabara ya chuo ambacho si chako, uvae koti, uambiwe haya, hadubini hii ni yako saa tatu zijazo. Meza ya maabara haiazimwi. Basi chagua chuo kinachokupa kile usichoweza kukifuata kwingine, na kilichobaki ukifuate kwa miguu. Kwa kozi yake, mwaka huu, katika mji huu, ni meza ya maabara. Angekuwa anasoma historia au sheria ningemwambia aende kwa maktaba kubwa na profesa wa kimya kirefu, wala nisingejiuliza mara mbili.

Kaka alikuwa na hofu nyingine, na ni hofu ya haki. Aliweka kalamu chini akauliza, "Na fedha ikiniishia mwaka wa tatu?" Binti ana wadogo zake wawili nyuma. Tukaacha kuangalia ada ya mwaka wa kwanza, ambayo ndiyo imechapishwa kwenye kipeperushi, tukahesabu miaka yote minne: usajili, mitihani, bima, vifaa, gharama za mafunzo kwa vitendo, ada ya kurudia somo ikitokea. Mengine hayakuwa kwenye kipeperushi. Nikaandika barua pepe kwa ofisi ya uhasibu: ada inaweza kupanda kwa mwanafunzi aliyeanza tayari? Akichelewa kukamilisha, anazuiwa mtihani? Anaweza kuahirisha mwaka na nafasi yake ikabaki? Walijibu baada ya siku mbili, kwa maandishi: ada ikipanda inawahusu wanaoingia wapya, kuahirisha kunaruhusiwa mara moja, na ndiyo, asiyekamilisha haingii mtihani. Jibu la mwisho lilikuwa kali lakini nililithamini, kwa sababu sasa kaka anajua tarehe ambazo lazima awe tayari. Chuo cha serikali ada ni chini sana ya ile, sitalificha hilo. Kama kaka angeniambia hawezi, kwisha. Tungeshukuru kwa nafasi ya serikali, ningempa binti meza yangu mwenyewe siku za likizo ajifunze mkono, na angekuwa mtaalamu mzuri tu.

Jambo moja lingine, na hapa naomba mzazi anayesoma asimame kidogo. Chuo kuwa na ithibati hakumaanishi kila kozi yake ina ithibati. Na kozi kuwa na ithibati hakumaanishi kwamba bodi inayosajili watu wa taaluma hiyo inaitambua. Ni milango mitatu tofauti. Niliwahi kufanya kazi na kijana aliyehitimu kwenye chuo kimoja, ada yote imelipwa, joho amevaa, picha zimepigwa, kisha bodi ikamwambia kozi yake haikuwa kwenye orodha. Alikaa karibu miaka miwili akifanya kazi za kubeba sampuli, hasaini jibu lolote, wakati chuo na bodi wanaandikiana. Sikuwahi kuona mtu akikunjua cheti na kukikunja tena mara nyingi vile. Kwa hiyo usiulize chuoni peke yake. Nenda bodini na jina kamili la kozi kama lilivyoandikwa kwenye barua ya udahili, na uulize ithibati hiyo inakwisha lini. Tulifanya hivyo kwa vyuo vyote viwili, hata cha serikali, maana hata huko kozi mpya huanzishwa. Vyote vilikuwa sawa.

Binti alithibitisha chuo binafsi siku ya tisa, saa moja jioni, baba yake akiwa amesimama nyuma ya kiti. Mama mkwe hakusema kitu, ila alimshika bega. Kesho yake yule binti akaenda chuo cha serikali kuchukua fomu ya kadi ya maktaba, na akaniandikia ujumbe kwamba amepita ukumbini kuona kama profesa anafundisha. Alikuwa hayupo.

Muhula unaanza Jumatatu. Ameniomba slaidi za kufanyia mazoezi nyumbani kabla ya kufungua chuo, bila damu, kwa maji yenye rangi tu, ili mkono uzoee mlalo. Nimemfungia boksi la hamsini, na juu yake nimeandika azirudishe zote, hasa zilizoharibika.